Chumvi ya Katwe

Viti vya kukodi vilirudishwa Jumatatu.
Vilipungua viwili. Nikalipa.
Turubai liliacha uani mstatili wa nyasi za manjano,
kuku wakaukwepa siku tatu
kana kwamba bado kuna watu wameketi pale.

Mama alitangulia mwezi wa tatu.
Baba akamfuata kahawa haijaiva,
bila haraka, kama alivyokuwa akimfuata sokoni Kilembe:
hatua kumi nyuma, mikono mgongoni,
akijifanya anakwenda kwingine.

Wakasema, kazi ya Mungu haina makosa.
Wakasema, jikaze, Kabugho.
Nimejikaza. Nimekaza kamba ya mbuzi,
nimekaza koki inayovuja,
nimekaza kifuniko cha dumu hadi kikapasuka.

Nina miaka arobaini na sita,
mvi, deni la benki, binti anayesoma Mbarara.
Nani atamwita mtu kama mimi yatima?
Neno lenyewe dogo, kama sare ya shule ya msingi,
linanibana kwapani.
Lakini usiku, taa ikizimwa,
linanienea.

Baba alichimba shaba mpaka mgodi ukafungwa,
kisha akawa mlinzi wa lango la mgodi uliofungwa,
miaka ishirini akilinda giza lisitoke.
Nyumbani alilala sikio moja juu, akiusikiliza Nyamwamba.
"Mto ukipiga kelele, laleni," alituambia.
"Mawe yakianza kuongea chini ya maji, vaeni viatu."
Ndivyo tulivyopona mwaka ule daraja lilipokwenda.
Sasa ni zamu yangu kusikiliza.
Mto unapiga kelele tu.
Nalala,
nimevaa viatu.

Juu ya kabati la jikoni nimekuta debe la chumvi,
ile ya Katwe, ya mabonge, ya kijivu,
aliyokwenda kuinunua mwenyewe ziwani
maana ya pakiti, alisema, haina jasho la mtu.
Nusu debe!
Mtu hanunui nusu debe la chumvi
akiwa na safari.
Nilifunika. Wiki sita nimekula chumvi ya dukani
ili yake isipungue.

Jana mtoto wa jirani akaja na kikombe cha plastiki.
"Mama anaomba chumvi."
Nikasema imekwisha.
Hakuondoka. Alisimama akikuna goti,
akatazama juu ya kabati, akanitazama mimi.
"Bibi alikuwa akitupa ya kwenye debe."

Nikapanda kigoda.
Ndani, chumvi ilikuwa imeshikana kwa unyevu,
na katikati palikuwa na shimo,
mifereji minne na wa tano mfupi, wa pembeni:
vidole vyake, mara ya mwisho alipochota.
Mtoto akauliza, "Kuna nyoka?"
Nikasema hapana, subiri,
subiri kidogo.

Sikuligusa shimo lile. Nilimega ukingoni,
nikajaza kikombe mpaka kikamwagika,
na kilichobaki kiganjani
nikakitia kwenye maharage yangu.

Jioni Mbambu akapiga simu kutoka Kampala.
Umekula? Nimekula.
Nini? Bundu na maharage, chumvi imezidi.
Akanyamaza. Nikasikia pikipiki zikipita upande wake.
"Imezidi kama ya Mama?"
Kama ya Mama.
"Baba angemaliza jagi zima la maji."
Na asiseme neno.
"Na asiseme neno!"
Tukacheka, mpaka mmoja wetu akaacha kucheka,
sijui nani alianza,
salio likakatika.

Mto ulikuwa unapiga kelele zake za kawaida.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda chao muda mrefu,
nikitega sikio kwa mawe.
Kimya.
Nikafungua kamba.
Nikavua kiatu kimoja.